Anza na Choo: Kuandaa Nyumba ya Kale ya Shamba Ipokee Wageni Wenye Ulemavu

Mwaka juzi nilimpeleka kaka yangu kuona nyumba ya zamani ya mwenye shamba la chai huku Mufindi. Ni nyumba ya mawe, ina baraza pana na bomba la moshi refu, na ukikaa barazani unaona chai imetanda hadi ukingo wa msitu. Kaka anatumia kiti mwendo tangu alipopata ajali ya pikipiki. Kabla ya kuondoka nilipiga simu nikamweleza mwenye nyumba hali yetu, naye akanijibu, "Njooni tu, hakuna shida." Tulipofika tukakuta vidato saba vya mawe na vijana wanne wakitusubiri kumbeba. Wakamnyanyua na kiti chake. Mpaka leo naukumbuka mkono wake wa kulia ulivyoshika kola ya kijana asiyemjua, akiishikilia kwa nguvu mpaka kifungo kikakatika na kudunda kwenye mawe.

Lakini kilichoniuma zaidi kilikuja baadaye. Chai ililetwa, imechumwa na kukaushwa hapo hapo shambani, ikiwa kwenye birika la udongo na maziwa ya moto pembeni. Kaka akasema hajisikii kunywa. Huyu ni mtu ambaye saa nne haijafika ameshamaliza vikombe vitatu. Nilielewa nilipokwenda msalani mwenyewe. Mlango ulikuwa na upana wa sentimita 58, na kati ya sinki na kiti cha choo hata ndoo usingeweza kuigeuza. Wakati mimi nikipiga picha bondeni, yeye alikuwa ameshamuuliza mhudumu, akajibiwa, akaamua kukaa na kiu hadi turudi nyumbani.

Mimi ni fundi seremala, na kwa miaka mingi nimetengeneza milango na madirisha ya nyumba za aina hiyo. Tangu siku ile nimebadili namna ninavyofanya kazi. Wenye nyumba wakiniita, huwa ninakwenda na kaka, na yeye ndiye anayekagua. Mwongozo huu umetokana na safari hizo. Nimewaandikia wanaotunza nyumba za kale za mashamba na za misheni, kuanzia Iringa, Mufindi na Njombe hadi Mbeya na Rungwe, ambao siku hizi wanapokea wageni wa kulala au wa kutembea kwa siku moja.

Jambo moja la sheria tulimalize mapema. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Ibara ya 30 ya mkataba huo inazungumzia haki ya kushiriki utamaduni na kufika kwenye maeneo ya kihistoria. Kwa hiyo anayeuliza kama ataweza kuingia ndani anauliza jambo ambalo ni haki yake, na ajibiwe hivyo.

Hatua ya kwanza: zunguka na mtu, futi ikiwa mkononi

Usianze kwa kuita fundi, mimi nikiwemo. Mtafute mtu anayetumia kiti mwendo, na siku nyingine mtu asiyeona, muizunguke sehemu yote kuanzia getini. Kama humjui yeyote, uliza matawi ya mkoa au wilaya ya Chama cha Walemavu (CHAWATA), ya Chama cha Wasioona (TLB) au ya Chama cha Viziwi (CHAVITA). Wote hao wako chini ya shirikisho la SHIVYAWATA. Mlipe kwa siku yake kama unavyomlipa fundi yeyote. Chakula cha mchana na asante havitoshi, kwa sababu unanunua ujuzi ambao wewe huna.

Chukua futi, daftari na pima maji. Kila mnapokwama, andika palipokwama na sentimita zake. Usiseme "mlango mwembamba," andika "mlango wa sebule, 71." Viti mwendo vingi vina upana wa sentimita 60 hadi 70, na mikono inayosukuma magurudumu inahitaji nafasi yake pia. Mlango wenye uwazi wa 80 unapitika, na wa 90 unapitika bila mtu kuchubua vidole. Kiti kugeuka mahali pamoja kinahitaji duara la sentimita 150.

Huku kwetu kuna jambo ambalo vipimo vya vitabuni havilisemi. Watu wengi hawaji na kiti mwendo chembamba. Wanakuja na baiskeli ya miguu mitatu inayoendeshwa kwa mikono, ambayo ni pana na ndefu na haiwezi kukata kona ya korido. Nyumba yoyote ya wageni iwe na kiti mwendo kimoja cha akiba mlangoni, chenye upepo kwenye matairi na breki zinazoshika, pamoja na sehemu yenye paa ya kuegesha ile baiskeli isinyeshewe. Katika maandalizi yote, hili ni miongoni mwa yale ya bei nafuu.

Hatua ya pili: choo

Watu wengi huanza na njia mteremko kwa sababu inaonekana na inapigika picha. Nakuomba uanze na choo. Njia mteremko inamfikisha mtu ndani, lakini bila choo atakaa saa moja akiihesabu, hatakunywa wala kula, na ataomba aondoke mapema. Wewe utadhani hakupendezwa na nyumba yako.

Kama kuta za nyumba hazitakiwi kuvunjwa, usizivunje. Jenga chumba kidogo pembeni ya nyumba, kwenye usawa mmoja na mlango wa kuingilia, kwa paa linalofanana na la nyumba. Ndani kiwe na mita 2 kwa mita 2.2 hivi. Mlango ufunguke kwa nje, maana ukifunguka kwa ndani kiti mwendo kitauzuia usifungwe, na mtu akianguka ndani hamtaweza kuusukuma. Kitasa kiwe cha kubonyeza chini kwa kiwiko, kisiwe cha mviringo. Komeo liwe la aina inayoweza kufunguliwa kwa nje kukitokea dharura.

Kiti cha choo kiwe na kimo cha sentimita 45 hadi 48, yaani karibu sawa na kiti mwendo chenyewe, ili mtu ahame kwa kujivuta pembeni bila kupanda wala kushuka. Upande mmoja wa choo uache wazi sentimita 90, kiti mwendo kiingie sambamba. Nafasi hiyo ndiyo inayoporwa kwanza. Nimerudi kukagua vyoo nilivyotengeneza nikakuta pale palipoachwa wazi pamewekwa ndoo tatu, mafagio na gunia la mkaa. Mwambie msimamizi wa usafi sababu ya nafasi ile kuachwa, kisha mpe stoo yake nyingine.

Vyuma vya kushikia ndipo makosa ya hatari yanapofanyika. Tumia bomba la chuma la kipenyo cha sentimita 3 hadi 4, usitumie la plastiki na usitumie reli ya kuanikia taulo. Kifungwe ukutani kwa urefu wa sentimita 85 hivi kutoka sakafuni. Upande wa wazi weka chuma kinachokunjuka kwenda juu. Sasa zingatia ukuta: nyumba nyingi za zamani za huku zina matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, na bolti ukiigonga humo itakaa wiki mbili, siku ya tatu baada ya hapo itatoka na kipande cha ukuta huku mtu mzima akiwa ameining'inia. Ukuta wa namna hiyo usiubebeshe mzigo. Simika nguzo ya chuma kwenye zege la sakafu na ufunge chuma cha kushikia hapo. Ukimaliza, fundi mwenyewe ajining'inize kwa uzito wake wote, avute mbele, avute pembeni, arudie mara kumi. Asiyekubali kuning'inia kwenye kazi yake hajaimaliza.

Sinki lisiwe na kabati chini. Acha sentimita 70 za wazi magoti yaingie. Bomba liwe la mkono mrefu. Kama mnatumia ndoo na kopo, viwe juu ya kistuli kinachofikika mtu akiwa ameketi chooni. Ukiviweka sakafuni, mtu hana namna ya kuinama kuvichukua asianguke. Taa iwe na swichi kwenye kimo cha mita moja.

Na kama fedha ya kujenga bado haijapatikana na choo kilichopo ni cha kuchuchumaa? Seremala yeyote anaweza kutengeneza kiti imara chenye tundu, miguu minne mipana na mikono miwili, kikawekwa juu ya shimo. Si suluhisho la kudumu, na mlango bado lazima upitike. Lakini kwa bibi mwenye magoti mabovu, ambaye hata siku moja hatajiita mtu mwenye ulemavu, kiti hicho kinatosha kumfanya akubali kikombe cha pili.

Hatua ya tatu: kutoka kwenye gari hadi mlangoni

Nyumba za mashamba zina mbwembwe ya kumwaga kokoto nene uani. Kwa magurudumu madogo ya mbele ya kiti mwendo kokoto ni sawa na mchanga wa ziwani: yanazama na kiti kinasimama. Kwa mtu wa magongo kila hatua inateleza. Acha kokoto zako, ila zikatize kwa njia moja ya upana wa sentimita 120, ya zege iliyokwaruzwa kwa ufagio au ya mawe bapa yaliyosogezwa yakabanana, kutoka pale gari linaposimama hadi mlangoni.

Halafu kuna udongo wetu mwekundu. Mvua za huku huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na kwa upande wa Tukuyu ni vigumu kusema zimekatika lini. Njia ambayo Septemba ilikuwa ngumu kama sakafu, Februari ni utelezi mtupu. Ikague njia yako mvua ikiwa imenyesha usiku kucha.

Mgeni mwenye gari la chini, Noah kwa mfano, huhama kwa urahisi. Gari la juu la kuzungukia shamba ni kazi nyingine. Tengeneza ubao wa kuhamia wa urefu wa sentimita 75 na upana wa 25, upigwe msasa na vanishi hadi uteleze kama meza. Upande mmoja unakaa kwenye kiti mwendo, mwingine kwenye kiti cha gari, mtu anajisogeza. Kaka ana wake nyumbani, niliuchonga kwa kipande cha mninga, na hauazimishi.

Hatua ya nne: njia mteremko, bila kuiumiza nyumba

Hesabu yake ni moja: kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Vidato vitatu vya sentimita 17 ni 51, kwa hiyo njia iwe na urefu wa mita 6 na sentimita 12. Wenye nyumba hushtuka nikitaja namba hiyo. Huwa wanataka ya mita 2, "si atasukumwa tu?" Njia ya mita 2 kwa kimo hicho anayesukuma ataikimbilia kama anayepandisha toroli la matofali, na wakati wa kushuka aliyeketi ataona anamwagwa. Isizidi hiyo 1 kwa 12. Kimo kikipita sentimita 75, weka jukwaa tambarare la sentimita 150 katikati mtu apumzike, na majukwaa mengine ya kiasi hicho mwanzoni na mwishoni.

Vidato saba kama vile vya siku ile vingedai zaidi ya mita 14. Kabla hujakata tamaa, zunguka nyuma ya nyumba. Nyumba nyingi za huku zimejengwa kwenye mteremko wa kilima, mbele msingi uko juu, nyuma mlango uko karibu na ardhi. Nyumba yenye vidato saba mbele mara nyingi ina kimoja nyuma, au haina. Shida ni kwamba mlango huo ndio wa jikoni, na watu wazima hawapendi kuingizwa kupitia kwenye masufuria na jivu. Hamisha majivu, panda maua, weka taa na kibao cha "Karibu," halafu wageni wote wapokelewe hapo. Mlango ukiwa wa wote, hakuna anayejiona amepitishwa uchochoroni.

Kwa upande wa kujenga, nyumba ya kale usiisogezee zege ukutani. Kuta zile zinapumua. Zege likibanwa kwenye tofali la kuchoma linafungia unyevu, na baada ya misimu miwili ya mvua tofali linaanza kubomoka kama keki. Jenga njia inayosimama yenyewe kwa miguu yake, iachane na ukuta kwa upana wa kiganja ili maji na hewa vipite, na iweze kuondolewa siku moja bila kuacha kovu. Kama nyumba au eneo limetangazwa kuwa urithi chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, pata kwanza kibali cha mamlaka husika kabla hata ya kutoboa tundu moja.

Mbao zipo tele. Tuna misindano ya Sao Hill mlangoni petu, basi tumia paini iliyotiwa dawa: fremu ya inchi 2 kwa 6, na mbao za juu zilale kukatiza njia, zisifuate mwelekeo wa gurudumu. Mwanya kati ya mbao usizidi sentimita 1, la sivyo ncha ya gongo itazama. Upana wa njia uwe sentimita 120. Pembeni piga kingo ya inchi 2 kwa 2 gurudumu lisichomoke, na reli za mikono pande zote mbili kwenye kimo cha sentimita 90. Juu tandika waya wa kuku, uukaze kwa misumari ya U, vinginevyo ukungu wa asubuhi utaifanya njia nzima iwe ya kuteleza. Waya ukianza kuinuka kwenye ncha, badilisha siku hiyo hiyo, maana utakamata kiatu cha mtu. Wakati wa mvua mbao huota utando wa kijani. Usugue kwa brashi ngumu kila wiki.

Hatua ya tano: ndani

Hapa sina mengi. Kunja mazulia madogo ya mlangoni uyaweke kabatini. Kizingiti kinachozidi sentimita 2 kiwekewe kabari ya mbao pande zote mbili. Mlango uliokosa sentimita 3 tu za upana usiung'oe. Badilisha bawaba uweke zile zinazoutoa mlango nje kabisa ya fremu, utapata sentimita hizo bila kugusa mbao ya zamani. Kingo za ngazi zipigwe ukanda wa rangi inayotofautiana, upana wa sentimita 5, kwa ajili ya wenye uoni hafifu. Acha meza moja yenye nafasi ya magoti, na usiifanye iwe ile ya pembeni karibu na choo.

Ghorofani kama hakuna lifti, hakuna lifti. Usitoe vijana wa kubeba watu. Iteremshe ghorofa: piga video nzuri ya kila chumba, weka albamu kubwa ya picha chini, na vile vitu vya kusimulia vilivyokaa juu, kama vile taipureta ya zamani au daftari la hesabu za wafanyakazi, vipangie nafasi chini. Mara nyingi wageni wanaoweza kupanda nao hukaa kwenye albamu muda mrefu kuliko walivyokaa ghorofani.

Hatua ya sita: baridi

Hatua hii huwezi kuikuta kwenye miongozo iliyoandikwa Dar es Salaam. Juni na Julai, Mufindi, Njombe na Makete hupiga baridi hadi nyasi zinaamka nyeupe kwa barafu. Ukarimu wetu ni kuwasha moto sebuleni na kumwekea mgeni chupa ya mpira ya maji ya moto kitandani. Kwa mtu aliyeumia uti wa mgongo, ukarimu huo unaweza kumlaza hospitali miezi. Miguu yake haihisi moto. Chupa ikilalia shavu la mguu usiku kucha, ngozi inaungua yeye akiwa usingizini, na vidonda vya namna hiyo hupona polepole sana. Moto wa kuni nao ni vile vile: akisogezwa karibu, atajua ameungua pale atakapoona soksi inatoa moshi.

Kwa hiyo chupa iwekwe kitandani nusu saa kabla, kisha itolewe mgeni anapolala. Ongeza blanketi. Kiti mwendo kiwe angalau mita moja na nusu kutoka kwenye moto, na mwambie mgeni waziwazi sababu yake. Wengi wanajua, lakini aliyeumia mwaka huu huenda bado hajajifunza. Maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko kabla hajaingia.

Hatua ya saba: asiyeona, kiziwi, na wengine ambao njia mteremko haiwahusu

Shamba la chai ni zawadi kwa mtu asiyeona, kama mwongoza wageni hatalifanya kuwa hotuba. Mpe mkononi majani mawili na kichipukizi chake, ayapapase, kisha mpe jani lililokomaa asikie tofauti ya ugumu. Kiwandani kila hatua ina harufu yake: pa kunyausha panakuja harufu ya majani mabichi, pa kuchachua panageuka utamu kama wa matunda, pa kukausha ni harufu ya chai uijuayo. Mpitishe kwa kufuata harufu. Na usimshike mkono ukamvuta. Msogezee kiwiko chako, mwambie "kiwiko changu hiki hapa," ashike yeye, utangulie nusu hatua, na useme kabla ya kidato: "ngazi, tunapanda, viko vitatu."

Vilevile kwenye maeneo ambayo wageni wako watakwenda baada ya kwako. Isimila, penye zana za mawe za kale, kama kilomita 20 kutoka Iringa mjini kwa barabara ya Mbeya, kushuka korongoni kuna mwinuko ambao kiti mwendo hakiwezi, na ni haki mtu aambiwe kabla hajalipia gari. Kwenye makumbusho ya Kalenga, fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, lililorudishwa mwaka 1954 liko ndani ya kioo, kwa hiyo mtu asiyeona anategemea maneno yako tu. Jizoeze kulieleza umbo lake na mahali lilipowekwa, taratibu, kwa heshima ya mahali penyewe.

Kwa viziwi, kazi kubwa ni mwanga na uso. Simama mahali ambapo jua linakupiga usoni, sio mgongoni. Usiongee huku umegeukia ukuta ukionyesha picha; onyesha, subiri atazame, arudishe macho kwako, ndipo useme au uandike. Kwa kundi, lipia mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania. Na kwa mgeni kiziwi anayelala, kubalianeni mapema atakavyoamshwa ukitokea moto, kwa sababu kugonga mlango hakumsaidii. Ukitaka wafanyakazi wako waone kazi hii ikifanyika bila woga, wapeleke wakanywe kahawa Neema Crafts mjini Iringa, ambako tangu mradi ulipoanza mwaka 2003 viziwi wamekuwa kiini cha kazi na ndio wanaohudumia meza. Waache waagize wenyewe. Saa moja pale inafundisha kuliko semina ya siku mbili.

Mgeni mwenye ualbino apangiwe matembezi ya asubuhi mapema au jioni, awe na kivuli pa kusimama kila mwongoza wageni anapoanza simulizi, na maandishi makubwa ya kushika mkononi. Jua la mlimani linaunguza hata siku ya baridi, na hali hiyo huwadanganya wengi.

Hatua ya nane: midomo yetu

Kaka yangu ana miaka 54. Vijana wa mapokezi wakituona, mimi ninayesukuma hupewa "shikamoo," yeye aliyeketi hurukwa. Kisha naulizwa, "Huyu atakula nini?" Wafundishe wafanyakazi waanze na salamu yake, wakiinama kidogo macho yakutane: shikamoo mzee, au kamwene kama ni Mhehe mwenzao. Swali linalomhusu aulizwe yeye. "Pole" ya ajali iachwe hadi mwenyewe aseme aliumia. Kiti mwendo ni sehemu ya mwili wake. Kisiguswe wala kusogezwa bila ruhusa. Maneno kama kiwete, bubu na zeruzeru yasisikike hata jikoni, kwa kuwa yakizoeleka jikoni yatafika barazani. Swali la kutosha ni hili: "Ungependa tukusaidie vipi?" Na anayesindikiza, ambaye bila yeye mgeni asingefika, asitozwe kiingilio.

Hatua ya tisa: andika ukweli, uutume kabla

Jibu la "hakuna shida" ndilo lililomponza kaka. Andika karatasi moja, uibandike mapokezi na uitume kwa WhatsApp kwa kila anayeuliza. Mfano wake ni huu:

"Kutoka barabara ya lami hadi kwetu ni kilomita 11 za vumbi, na wakati wa mvua gari dogo linaweza kukwama. Gari linafika mita 8 kutoka mlangoni. Njia ni ya zege. Tunaingilia mlango wa nyuma, hauna kidato, upana wake ni sentimita 92. Sebule, chumba cha chakula na chumba kimoja cha kulala viko chini na vinafikika. Vyumba vinne viko ghorofani kwa ngazi 16, hakuna lifti. Choo: mlango 90, nafasi ya pembeni kushoto kwa aliyeketi, vyuma pande mbili. Bafu halina beseni, lina kiti. Kiwanda kina kelele kubwa na sakafu yenye unyevu. Njia ya msituni haipitiki kwa magurudumu. Tuna kiti mwendo kimoja cha kuazima. Hatuna mkalimani wa lugha ya alama, tunaweza kumtafuta ukitupa taarifa wiki mbili kabla. Vipimo vimechukuliwa mwezi Mei."

Sentensi za "hatuna" na "haipitiki" usizifute ili uonekane mzuri. Mtu akijua msitu haupitiki, ataupanga muda wake barazani na kuufurahia. Asipojua, ataujua akiwa matopeni.

Weka tarehe ya vipimo kwa sababu vinabadilika. Kila mwaka mvua zikikatika, toka na futi uanzie getini tena. Sehemu ya kutazama kwanza ni pale njia mteremko inapogusa ardhi: maji hula udongo chini ya ubao wa mwisho, na nyumba niliyoiacha Novemba ikiwa sawasawa, Mei nimeikuta na kingo ya sentimita 6. Kingo hiyo inatosha kukisimamisha kiti ghafla na kumrusha mtu mbele. Jaza changarawe, shindilia, pima tena, ubadilishe tarehe kwenye karatasi.